Kurasa Mbili Nilizozikata

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na leo nataka nikupe kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu zake zinazoniaibisha. Kaa hapo kwenye kiti cha dirishani. Simu iweke chini, kioo kikiangalia meza. Haya. Najua utanisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, nimeshazoea, wala sikugombezi kwa hilo. Nina neno nawe, ila nitalifikia kwa mwendo wangu.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya watu, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Silver Spring, nimevaa kitenge kipya, mkononi nina kitabu nilichokitafsiri mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kichwa kimevimba kwa sifa. Mwanamke nisiyemjua akasimama safu ya tatu. Mkono mmoja alishika kitabu changu, mkono wa pili kitabu kingine, cha zamani, na akaniuliza mbele ya wote mama yake yuko wapi. Nilijua alipo. Nilikuwa nimemtoa mimi kitabuni, ili nisimwaibishe mzee aliyeketi safu ya mbele.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea.

Unajua kwamba babu yako alipelekwa na kanisa kwenda kusoma Uswidi, akatuchukua sote. Tulikaa kule miaka tisa. Mama yako alikuwa mdogo, yeye alikisahau Kiswidi mapema, lakini mimi nilikwenda nacho shule, nikacheza nacho, nikagombana nacho. Tulipohamia Maryland hatukuwa na ndugu wala rafiki. Aliyetupokea ni Mzee Wilondja, mzee wa kanisa, mtu wa kwetu kule ziwani, upande wa Bukavu. Yeye na mkewe walihamia sebuleni, wakatuachia chumba chao. Ndiye aliyenipeleka kwenye kazi yangu ya kwanza, ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na ndiye aliyeningoja nje kwenye gari mpaka nilipotoka na kumwambia nimeipata. Nilimwita baba mdogo, na nilimwita hivyo kwa moyo.

Miaka kadhaa baadaye nikampata Bwana Torsten. Huyu alikuwa Mswidi, mzee mrefu mwenye macho mabovu, aliyezaliwa misheni huko huko kwetu. Kiswahili chake alifundishwa na Biblia ya zamani na wapishi wa mama yake, kwa hiyo alikuwa anaweza kusema "amin, nakuambia" na hapo hapo akatukana kama mpagazi. Alikuwa na kampuni ndogo ya vitabu, chini ya nyumba yake Columbia Heights, mle wanamoweka watu tanuri la joto na baiskeli mbovu. Alichapisha vitabu vya watu wa kwetu walioko ughaibuni. Asubuhi nilikuwa namwogesha mgonjwa wangu hapa Silver Spring, mchana nachukua treni nyekundu, nabadilisha Fort Totten, naingia ya kijani, nashuka kwake.

Kitabu alichonipa kilikuwa kumbukumbu za muuguzi wa misheni, Mamazeli Ingrid. Ndivyo kina mama wale wasioolewa walivyoitwa kwetu. Aliandika juu ya hospitali yao kando ya ziwa na vita vilivyowakuta pale. Kilipotoka mara ya kwanza kule Uswidi, wachapishaji walikipunguza. Baada ya miaka mingi, Mamazeli akiwa tayari amekufa, kikatoka tena kizima, na chini ya jina la kitabu wakaweka maneno mawili: oavkortad utgåva.

Bwana Torsten alilipenda neno lile la kwanza kuliko watu wengine wanavyopenda watoto wao. Siku ya kwanza tulikaa nalo saa nzima kabla sijatafsiri hata mstari mmoja. Alinichorea kwenye karatasi jinsi lilivyojengwa. Korta ni kufupisha. Avkorta ni kukata kitu kikapungua. Avkortad ni kilichokatwa. Sasa tia o mbele, na hiyo o ni kanusho, umepata kitu ambacho hakikukatwa. Akaniambia neno linabadilika kidogo kufuata jina linalokaa nalo: toleo ni oavkortad, muswada ni oavkortat, maandishi mengi ni oavkortade. "Ninyi mna ngeli mpaka za kumwaga," akasema, "sisi Mungu alituhurumia, akatupa mbili."

Nikamwambia, "Basi tuandike tu 'toleo kamili,' Bwana Torsten. Watu wataelewa."

"Hapana, binti. Kiswidi kina neno la kamili pia, tungetaka tungelitumia. Kamili ni sifa ya kitabu. Hili ni ushuhuda juu ya mtu. Linasema alikuwapo mtu mwenye mkasi, alikaa na kitabu hiki peke yake, na hakukata. Ndiyo maana huwezi kusema hiki ni oavkortad kidogo, au kile ni oavkortad zaidi. Ama hakukata, ama alikata."

Tukakubaliana kuandika "toleo lisilopunguzwa," na juu yake tuache maneno ya Kiswidi yalivyo. Na chini ya ukurasa huo, mwanangu, liwekwe jina langu.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Nilitafsiri nyumbani, kisha pale chini nilimsomea Kiswahili changu kwa sauti huku yeye akifuata Kiswidi kwa kipande cha kadibodi, akikishusha mstari mmoja mmoja. Nikiruka hata neno, kadibodi ilisimama. Hakusema kitu, alingoja tu mpaka nilione kosa langu. Nilimchukia kwa ajili ya kadibodi ile, na nilijifunza kutoka kwake mengi kuliko shule zote nilizopita.

Tulipofika sura ya kumi, Mzee Wilondja alinikuta nje ya jengo letu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa amekaa kwenye gari lake, akanifungulia mlango niingie. Miguuni kwake palikuwa na mfuko wa sombe, kile kisamvu chetu, kutoka duka la Waafrika. Hakuwasha gari. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha.

"Binti, nimesikia kama uko natafsiri kitabu ya Mamazeli Ingrid."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Umefika ku ile siku ya camion?"

Nilikuwa nimefika. Sura ya kumi na moja, kurasa mbili, nilizisoma kwa Kiswidi siku mbili kabla, na nilipoona jina lake nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa na uchafu. Siku ile risasi ziliposikika karibu na hospitali, dereva wa lori alikuwa yeye, kijana wa miaka ishirini. Aliondoka na nafasi ikiwa bado ipo nyuma ya lori, na wagonjwa wanne wasioweza kutembea wakabaki wodini.

Nikainamisha kichwa. Yeye akaelewa.

"Mi sikatai," akasema. "Nilisikia masasi, nikawasha moteri, nikaenda. Kila siku niko nayo. Lakini batoto yangu bamezaliwa huku, bananijua mi ni ancien wa kanisa. Ukiandika ile, bataniangalia je ku meza?" Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sikuombi udanganye. Ruka tu."

Akanipa ule mfuko wa sombe. Nikaupokea kwa mikono miwili, kama ninavyopokea kitu kwa mkubwa, nikashuka.

Ningefanya nini, mwanangu? Nakuuliza kwa sababu hata leo bado najiuliza. Mtu aliyelala sakafuni ili mama yangu alale kitandani ananiomba kurasa mbili. Hakuniomba damu. Nikajiambia Mamazeli amekufa, wagonjwa wale wamekufa, vita vimekwisha, nani ataumia? Kwetu aibu ya mzee hufunikwa. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Ila kilikuwapo kikwazo kimoja, nacho ni kadibodi ya Bwana Torsten. Nilipanga namna ya kumwambia. Nilifanya mazoezi kwenye treni, midomo ikinicheza, watu wakinitazama. Nilipofika nikamkuta amefungwa bandeji jicho moja, na la pili halioni kitu. Alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni, na mtambo wa kuchapa ulikuwa umeshapangiwa siku.

"Sura hizi mbili za mwisho sitaweza kufuata," akasema. "Wewe sasa ndiye macho yangu. Zisome peke yako, kisha utie sahihi hapa."

Karatasi aliyonisukumia ilikuwa na sentensi moja tu. Ilisema mimi mfasiri nathibitisha kwamba tafsiri hii ni oavkortad. Mlango ulikuwa umenifungukia wenyewe, wala sikuhitaji kusema uongo kwa mdomo. Siku ile nilifuta kurasa mbili kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Na kwa kuwa sura ilibaki na pengo, nikatunga sentensi ya kuunganisha. Niliandika, "Kesho yake sote tulifika mpakani salama." Nikatia sahihi. Sikusita, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sasa turudi ukumbini.

Mzee Wilondja alikuwa amefungua kwa sala. Bwana Torsten aliketi kando yangu na miwani nyeusi. Nilikuwa nimesoma sura ya kwanza, watu wakacheka pale pa kuchekesha, na nilikuwa nakaribia kumshukuru Mungu kwa sauti. Hapo ndipo yule mwanamke aliposimama. Alisema anaitwa Esta, ametoka Falls Church, alisikia tangazo la kitabu kwa mtu aliyefanya naye kazi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, amevaa sare ya kazi chini ya koti, maana alikuwa anatoka zamu.

"Hiki nilipewa na pasta moja kule Bujumbura," akasema, akiinua kile cha Kiswidi. Kilikuwa kimefunikwa gazeti, na uzi mwekundu umetiwa katikati. "Yeye pia hakujua hii luga. Aliona tu jina ya mama yangu ku hii page. Wabiwa. Na jina yangu, Esta, mstari ya chini. Miaka kumi na moja niko natembea nayo. Sasa nimenunua ya Kiswahili, nimeangalia yote tangu tumeingia. Wabiwa haiko. Esta haiko. Mama yangu iko wapi?"

Nikasema, "Mama, samahani, labda ni kosa la mtambo."

Ndiyo, nilisema hivyo. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kidole, huu sasa ulikuwa wa mdomo, na ulitoka laini kabisa. Nilihisi Bwana Torsten amegeuza kichwa chake upande wangu.

Mama Esta hakuketi. Alifungua vitabu vyote viwili mwanzoni, akaviweka sambamba.

"Hili neno liko ku vitabu vyote viwili, sawasawa," akasema, akipitisha kidole. "Linasema nini?"

Ukumbi wote unaningoja. Watoto waliokuwa wakikimbiakimbia nyuma wakashikwa mikono na mama zao.

"Linasema hakikukatwa."

"Hakikukatwa," akarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza kuhesabu. "Basi mbona ku hii page kuna majina tatu na ku yako hakuna hata moja? Wabiwa. Esta. Na hii ingine." Akasogeza kitabu karibu na macho. "Wilondja."

Watu hawakugeuka mara moja. Waligeuka mmoja mmoja, mpaka kila uso ulikuwa unamwangalia Mzee Wilondja. Mwanawe mkubwa, aliyekaa kando yake, aliuliza kwa Kiingereza kuna nini.

Bwana Torsten alinyoosha mkono hewani, kwa kuwa haoni, akasema, "Mama, tafadhali mpe mfasiri kitabu chako. Atasoma."

Kitabu kikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwangu. Nikafungua penye ule uzi. Nilikuwa na nafasi moja tena ya kukata, unaelewa? Babu na bibi yako hawakuwapo siku ile, na mle ndani hakuna mwingine aliyejua Kiswidi isipokuwa mzee asiyeona. Ningeweza kumsomea Mama Esta habari za mama yake na kumruka dereva. Nilimtazama Mzee Wilondja. Yeye alikuwa ametazama magoti yake. Kisha akainua uso.

"Soma, binti," akasema. "Yote."

Nikasoma, nikitafsiri hapo hapo. Nikasoma jinsi dereva Wilondja alivyowapakia waliotembea, na jinsi Mamazeli alivyokimbilia machela kwa ajili ya waliobaki. Nikasoma kwamba Wabiwa, aliyekuwa amevunjika nyonga, alijiburuta hadi mlango wa wodi, lilipoegeshwa lori, na mtoto wake wa miaka minne. Alimwinua mtoto hadi dirisha la dereva, akamwambia, "Mshike Esta wangu mpaka nije." Dereva akampokea, akamkalisha mapajani. Risasi zikalia, lori likaondoka. Mamazeli alikuwa amevutwa juu na watu, na aliandika kwamba alipiga bati la lori kwa ngumi, akimwita dereva majina ambayo hakuwahi kumwomba Mungu amsamehe. Miezi mingi baadaye alirudi pale. Akamkuta mfagiaji wa hospitali, bibi mmoja aliyekataa kukimbia. Bibi huyo ndiye aliyekaa na wale wanne. Alisema Wabiwa aliishi siku tatu, alioshwa kila asubuhi, na kila asubuhi aliuliza swali moja tu, kama lori limefika. Siku ya tatu bibi alimjibu limefika, ingawa hakujua. Walimzika nyuma ya wodi ya wazazi, penye ua wa milimau.

Nilipomaliza sikuthubutu kuinua macho.

"Kwa hiyo hakunitupa," Mama Esta akasema. Hakuwa anasema na yeyote. "Wale walionilea waliniambia mama alikimbia akanitupa ku barabara."

Nilikuwa nimemfichia mzee mmoja aibu yake, mwanangu, na ndani ya kurasa zile zile kulikuwa na jibu la maisha yote ya mtu mwingine. Nami nililisoma, nikaliona, nikalifuta. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mtoto wa mapajani angeweza kuwa hai na anafanya kazi ng'ambo ya mto, Virginia.

Mzee Wilondja alinyanyuka. Alitembea hadi safu ya tatu akishika viti. Mama Esta alimtazama.

"Weye sikukuwa nakutafuta, papa," akasema. "Nilikuwa natafuta yeye."

Akachukua vitabu vyake, akafunga koti, akaondoka. Hakumtukana mtu wala hakumsamehe mtu, na mimi sikupata hata nafasi ya kuomba radhi.

Bwana Torsten hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia. Kesho yake alinikalisha pale chini, akataka nimsomee sura ya kumi na moja kama nilivyoichapisha. Nikafika kwenye sentensi yangu ya kuunganisha.

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu."

"Yeye hakuiandika."

"Hapana."

Alivua miwani, akapangusa lile jicho jipya. "Binti, sikiliza. Kupunguza kitabu si dhambi. Vitabu hupunguzwa kila siku, kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya. Ungeniambia, 'Bwana Torsten, hizi kurasa siwezi, huyu mzee ni kama baba yangu.' Tungegombana. Labda ningekushinda, labda ungenishinda. Ungenishinda, tungeandika pale mwanzo kwamba kimepunguzwa, na yule mama angejua kwamba alichokikosa kipo mahali pengine, angeendelea kutafuta. Wewe ulikata, kisha ukamwambia hakuna kilichokatwa. Ulimfungia mlango na ukuta ukaupaka rangi."

Nililia. Aliniacha nilie, hakunipa hata kitambaa.

Vitabu tulivirudisha vyote tulivyoweza kuvipata. Bwana Torsten alichapa karatasi moja, kurasa mbili mbele na nyuma, na akaniamuru nizibandike kwa mkono kitabu hadi kitabu, gundi nyembamba ukingoni, kandamiza, subiri, shika kingine. Sentensi yangu niliipiga mstari kwa kalamu katika kila nakala, ili msomaji aione na aone kwamba imefutwa. Nilifanya hivyo kila mchana kwa wiki nyingi. Nakala ya kwanza niliipeleka mwenyewe Falls Church. Nilibadilisha treni na mabasi, nikaupata mlango baada ya kuuliza sana. Mama Esta aliipokea mlangoni. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Akasema asante kwa kuja, akafunga mlango polepole. Sikustahili zaidi ya hapo.

Siku moja Mzee Wilondja alishuka ngazi za Bwana Torsten. Kanisani alikuwa ameacha kiti chake cha uzee mwenyewe, bila kuambiwa. Alivuta stuli, akachukua rundo, akaanza kubandika ukurasa wake mwenyewe. Alibandika vizuri kunishinda. Nilimuuliza nyumbani hali ikoje.

"Batoto bananiuliza maswali," akasema. "Zamani hawakukuwa bananiuliza kitu."

Sasa nimefika kwenye neno langu nawe, mwanangu Neema.

Jumanne ulimpeleka bibi yako kwa daktari, ukawa mkalimani wake. Mliporudi alikuwa anaimba. Nikakuuliza daktari kasema nini, ukaniambia, "Auntie, nili-summarize tu." Jana nikaiona karatasi ya hospitali kwenye mkoba wake, na mimi Kiingereza nakisoma. Nimejua ulichokiacha nje. Usilie, bado sijamaliza. Najua ulikiacha kwa upendo. Ulimtazama usoni, maneno yakakwama, ukayapita. Kisha, kama alivyonisimulia mwenyewe, akakuuliza, "Ni hayo tu?" Nawe ukamjibu ni hayo tu. Hapo ndipo ulipokosea, wala si kabla ya hapo.

Wiki ijayo unaanza kazi hiyo ya ukalimani, utalipwa na utavaa kitambulisho. Watu watakuketisha katikati yao na hawatakuwa na njia ya kukupima. Watakuamini kwa sababu hawana wa pili. Neno likiwa zito, sema ni zito, omba dakika, kunywa maji. Likikushinda kabisa, mwambie mgonjwa, "Daktari amesema neno ambalo mimi siwezi kulisema, naomba aje mkalimani mwingine." Hiyo si aibu. Atajua kwamba lipo. Lakini usimwambie mtu kwamba umempa yote huku umeshika kitu mgongoni. Hujui ni nini kingine kimekaa pamoja na hilo unalolificha. Bibi yako ana mtu Bukavu hajasemezana naye miaka, ana mambo anayotaka kuyapanga, ana sala zake. Unampunguzia siku za kuyafanya, na siku zenyewe si nyingi.

Ningeweza kumwambia mimi, ni mama yangu. Nimekaa na jambo hili usiku na mchana tangu jana, na mara tatu nimesimama mlangoni kwake. Lakini mkono uliokata ndio unaopaswa kurudisha, na akilisikia kwangu hatakuamini tena mpaka anaingia kaburini. Mimi nitakaa nawe kitandani pale, nitakushika mgongo, nitanyamaza.

Mungu akupe kinywa chenye huruma na kisichojificha nyuma ya huruma. Akupe watu watakaokuambia yote siku utakapokuwa wewe ndiye umelala. Akutangulie leo, mwanangu, na akuzeeshe kwa heshima.

Inuka sasa, upanguse uso. Bibi yako ameamka, nasikia anatafuta viatu vyake. Nenda.